Ndugu Mhariri, kijiji hicho kina jina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe ombi moja kwako na kwa waandishi wako wa mikoani. Jambo likitokea kijijini, andikeni jina la kijiji. Msituandikie "kijiji kimoja wilayani Uvinza", wala "eneo moja la Pwani ya Kenya", wala "mashariki mwa Kongo" mkaishia hapo. Mahali hapo pana jina, wenyeji wanalitaja kila siku, na miongoni mwa wanaonunua gazeti lako wamo wenye mama, shangazi na wajukuu hapo hapo.

Kilichonifikisha kwenye ombi hili ni mchezo ninaocheza na rafiki zangu walio nchi nyingine, na itabidi nianzie mbali kidogo ili nieleweke.

Mwaka 1973 niliajiriwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na baada ya mafunzo nikapelekwa stesheni ya Kahe, pale njia ya kutoka Tanga kwenda Moshi inapokutana na ile inayotoka Voi. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, ilikuwa stesheni ya Taveta. Nchi mbili, lakini shirika lilikuwa moja na simu ya reli ilikuwa moja. Karani wa zamu wa Taveta alikuwa kijana wa rika langu, Mtaita. Usiku usio na treni ya kungoja tulifukuza usingizi kwa mchezo wa majina. Yeye anataja stesheni au mji, mimi nataja jina jingine linaloanza na silabi iliyomalizia lile lake, naye anajibu, hivyo hivyo mpaka mmoja akwame. Aliyekwama tulisema amelala.

Najua wapo wanaoucheza kwa herufi ya mwisho. Kwa majina yetu herufi haifai. Tanga, Tabora, Kigoma, Dodoma, Mwanza, Mombasa, Kampala, yote yanaishia na a, na yanayoanza na a ni machache: Arusha, ambayo nayo inakurudisha kwenye a, kisha Amboni, Amani, Athi River, na mchezo umekwisha kabla chai haijapoa. Kwa silabi unapata pumzi. Mmoja akisema Maungu, stesheni ya kutoka Voi kuelekea Mombasa, mwenzake anajibu Nguruka, iliyo kati ya Kaliua na Uvinza. Nguruka inazaa Kahe. Kahe inazaa Hedaru, chini ya milima ya Upare. Hedaru inazaa Ruvu, Ruvu inazaa Vuga ya Usambara, Vuga inazaa Garissa, Garissa inazaa Saranda, Saranda inazaa Ndala, na Ndala inakufikisha Lamu. Jina linaloishia na konsonanti, kama Wajir, mwenzako anaichukua ile r na kuitia irabu aipendayo. Yapo pia majina ya kuua. Ukitaja Kilwa, nani ana jina linaloanza na lwa? Korogwe nayo iliua watu wengi, hadi yule wa Taveta alipokumbuka mji wenye makutano ya reli kule Rhodesia, Gwelo, ambao tangu 1982 unaitwa Gweru. Siku hiyo Korogwe ilipoteza makali yake.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, shirika likagawanywa, mpaka ukafungwa na haukufunguliwa hadi 1983. Simu ya Taveta ikanyamaza. Mimi nikahamishiwa Reli ya Kati, nikakaa Saranda, Itigi, Tabora, na mwisho nikastaafu na kurudi kwetu Ujiji. Miaka ya hivi karibuni mtoto wa mfanyakazi mwenzetu wa Moshi alinitumia namba ya simu, nikapiga, na sauti ile ile ikaniuliza, bila hata salamu, jina linaloanza na nga. Nikamjibu Ngara. Tangu hapo tunacheza kwenye WhatsApp, na mjukuu wangu wa kike aliye kidato cha pili ndiye anayeniandikia macho yanaponichoka.

Sasa tuko wanne tunaocheza sana, na tumezoea kuitana kwa mahali. Mimi ni Bwana Kahe, kwa heshima ya kazi ya zamani. Wa Taveta sasa anaishi Voi, basi ni Bwana Voi. Shehe Ibra nilisoma naye chuo cha Kurani kwa mwalimu mmoja hapa Ujiji tukiwa watoto. Wazazi wake walirudi Oman baada ya 1970, Sultani Qaboos aliposhika utawala, na kwao ni Ibra, upande wa Sharqiya. Wa nne ni Mama Uvira. Alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 akiwa binti mdogo, akakulia kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, na sasa anaishi na wanawe Louisville, Marekani. Kwa umri ni mwanangu, ananiita Papa, na kwa mchezo anatushinda sisi wazee wote watatu.

Yeye ndiye aliyeleta sheria ya ushahidi. Aligundua kwamba kwa simu hizi mtu anaweza kufungua ramani na kuokota jina lolote la dunia, hata asipojua kama ni mji au mlima. Akasema: kuanzia leo anayetaja mahali aseme na kitu kimoja kilichopo hapo, alichokiona mwenyewe au alichosimuliwa na mtu aliyeishi hapo. Asipokuwa nacho, jina halihesabiwi.

Sheria hiyo, Ndugu Mhariri, iliubadilisha mchezo kabisa. Zamani tulikuwa tunarushiana stesheni. Sasa kila jina linakuja na watu wake. Nilipotaja Saranda nilieleza kuku waliouzwa madirishani usiku, abiria wa Kigoma wakiamka kwa harufu kabla treni haijasimama. Nguruka nikatolea ushahidi wa akina mama na samaki wakavu kutoka Malagarasi. Bwana Voi alipotaja Maungu alieleza malori yanayotoka bandarini Mombasa yanavyolala pale, na shida ya maji. Alipotaja Rabai akatuambia kwamba wamisionari Krapf na Rebmann walianzisha misheni pale mwaka 1846. Tukamkatalia, maana huo ni ushahidi wa kitabu. Akafikiri, kisha akaeleza nyumba ya shangazi yake aliyeolewa Rabai, na wagema wanaopanda minazi alfajiri na jioni. Hapo tukakubali. Shehe Ibra alituambia kuna soko la wanawake kwao kila Jumatano, na mwanamume haingii. Mke wake ndiye shahidi. (Jina lenyewe la Ibra lilitutesa kwa bra yake, hadi Mama Uvira alipoleta Brazavili, ambako ana binamu.)

Siku moja Mama Uvira alitaja Makobola, kusini ya Uvira. Ushahidi wake ulikuwa kwamba hapo ndipo yeye na mama yake walipopanda boti usiku mwaka ule wa vita. Ilikuwa zamu yangu na silabi ilikuwa la. Ningeweza kusema Lamu kama kila mtu. Nikasema Lagosa, upande wetu wa ziwa, kusini ya Kigoma, ilikokuwa ikisimama meli ya Liemba. Akaandika: "Papa, tuliona taa za kule."

Tumewahi pia kugombana, na ugomvi mmoja unahusu hasa jambo ninaloliandikia. Mama Uvira alitaja Nyarugusu. Bwana Voi akapinga: kambi si mahali, kambi ni hema, leo ipo kesho haipo. Mama Uvira akajibu kwa sauti, hakuandika: "Papa Voi, tulikaa kule myaka na myaka. Watoto walizaliwa kule, wazee tulizika kule. Ile si fasi?" Fasi kwao ni mahali. Kambi ile ilifunguliwa Novemba 1996 na imewahi kuwa na watu zaidi ya laki moja, wengi kuliko miji mingi tunayoitaja bila ubishi. Ina masoko, shule, makanisa, misikiti, makaburi. Bwana Voi ni muungwana, alikubali siku ile ile. Na mimi nikaanza kujiuliza ni nani anayeamua kwamba mahali fulani panastahili kutajwa na pengine hapastahili.

Ndipo nikaanza kusoma magazeti kwa jicho la mchezo. Nasoma habari ya kijiji na kalamu mkononi, natafuta jina. Mara nyingi mno halipo. Jina la mkuu wa wilaya lipo, cheo cha kamanda kipo, jina la hoteli ulikofanyika mkutano wa wanahabari lipo. Kijiji ambacho nyumba zimebebwa na maji ni "kijiji kimoja".

Mei 2023 nilisoma katika gazeti, silitaji kwa jina, habari ya mistari michache kwamba mvua kubwa imeua mamia ya watu mashariki mwa Kongo. Basi, mwisho wa habari. Mama Uvira naye alikutana na habari kama hiyo kwenye simu yake huko Louisville. Mama yake mzazi alirudi Uvira zamani. Uvira yenyewe ilikwisha kufurikiwa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipotoka kwenye kingo zake, kwa hiyo hofu yake haikuwa ya bure. Alikesha akipiga simu isiyopokelewa. Sisi wengine tukapiga kwa kila tuliyemjua Bujumbura na hapa Kibirizi, kwa wafanyabiashara wa boti. Baadaye ndipo tukajua kwamba maafa yalitokea Kalehe, ukingoni mwa Ziwa Kivu, katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na kwamba waliokufa walizidi mia nne. Kalehe iko kaskazini ya Bukavu. Uvira iko kusini ya Bukavu, kwenye ziwa jingine kabisa, ziwa letu hili. Mama mzee alikuwa mzima, simu yake haikuwa na chaji.

Sasa fikiria upande wa pili. Mtu wa Bushushu aliyeko Nyarugusu, au Mombasa, au Maskati, anasoma "mashariki mwa Kongo" na kujipa moyo: huko ni kukubwa, si lazima iwe kwetu. Anaendelea na kazi zake, na wakati huo nyumbani kwao wanafukua matope. Jina likikosekana, asiyehusika anakesha kwa hofu na mwenye msiba analala usingizi. Majina mawili ya vijiji yangetosha kuwapa wote wawili ukweli wao.

Siku zile hatukucheza. Mama Uvira aliandika kwenye kundi Bushushu na Nyamukubi, bila neno jingine, na kila mmoja wetu akayaandika tena chini yake.

Mwaka 2021, mwezi wa Oktoba, ilikuwa zamu ya Shehe Ibra. Kimbunga Shaheen kiliipiga Oman, na habari tulizozipata huku zilisema hivyo tu, kimbunga kimeipiga Oman. Ujiji na Tabora zina watu wengi wenye ndugu kule. Simu ya Shehe haikupumzika, kila mtu anamuuliza kama yuko hai, na yeye yuko Ibra, bara, mbali na pwani iliyopigwa. Waliopata shida walikuwa watu wa pwani ya Batina, Suwaiq na Khabura. Nasi tunao ndugu Suwaiq pia, na hao hakuna aliyewapigia mapema, kwa kuwa jina la Suwaiq halikutajwa.

Nisionekane nalaumu tu. Pale mlipoandika jina, tuliona faida yake. Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walipojaa Kagunga, kijiji chetu kilichobanwa kati ya mlima na ziwa karibu na mpaka, magazeti yaliandika Kagunga, siku baada ya siku. Kipindupindu kilipoingia watu walijua ni wapi, Liemba ilipokwenda kuwachukua watu walijua inaelekea wapi. Hata Bwana Voi, ambaye hajawahi kufika Kigoma, anaijua Kagunga kwa sababu ya magazeti. Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang' yalipoua watu, mliandika Katesh, mkaandika na Gendabi, na huku Ujiji misikitini na makanisani wazee walichangisha wakiyataja majina hayo kama ya majirani. Kwa hiyo kazi hii mnaiweza. Ninachoomba ni kwamba msingoje maafa makubwa ndipo kijiji kipate jina. Kijiji kiandikwe pia kisima kinapochimbwa, mwalimu anapohamishwa na asije mwingine, pamba inapooza ghalani, watoto wanapofaulu.

Nimewahi kulizungumza jambo hili na kijana mmoja anayeandikia magazeti, akanipa hoja zake, na napenda nizijibu kwa haki. Alisema kwanza wasomaji wa Dar es Salaam hawavijui vijiji vya Kigoma, jina halitawaambia chochote. Namjibu kwamba hawatavijua kamwe msipovitaja, na kwamba maneno machache yanatosha kumweka msomaji mahali pake. Kwa mfano: "kijiji cha Mwamgongo, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe". Aliyeko Dar ameshaelewa, na aliyezaliwa Mwamgongo moyo umemruka.

Alisema pia majina yanajirudia. Ni kweli. Ipo Mwanga ya Kilimanjaro na ipo Mwanga ya Kigoma mjini. Majengo ipo Moshi, ipo Mombasa, ipo Nairobi, na karibu kila mji una yake. Katika mchezo wetu ukisema Majengo bila kusema ya wapi, zamu inakupita. Nanyi fanyeni hivyo hivyo: kijiji, kata, wilaya. Hayo ni maneno matatu, na nafasi yake mnaweza kuipata kwa kupunguza vyeo vya waheshimiwa waliohudhuria.

Hoja moja niliikubali. Ikiwa habari inamhusu mtoto aliyefanyiwa ukatili, au mwanamke ambaye kutajwa kwa kijiji chake ni sawa na kumtaja yeye, fichani jina kwa nia njema, na semeni wazi kwamba mmelificha. Msomaji ataheshimu. Lakini sioni mafuriko yanafichiwa nini, wala daraja lililokatika linamwonea nani aibu.

Nimeishi maisha yangu yote ya kazi katika stesheni ndogo. Najua treni kubwa ikipita bila kusimama, watu wa stesheni ile husimama tu kuitazama, na mtoto mmoja hupunga mkono. Hata hivyo katika kitabu cha safari stesheni ile ilikuwa imeandikwa, kwa jina lake kamili na dakika ambayo treni ilipita. Hakuna dereva wala gadi aliyeruhusiwa kuandika "stesheni moja baada ya Itigi". Angeandika hivyo, na kukatokea ajali, msaada ungepelekwa wapi?

Nakushauri uwape waandishi wako wa mikoani agizo la maandishi kwamba habari yoyote isiyo na jina la kijiji au mtaa irudishwe kwao kabla haijafika kwako. Na kwa habari za nchi jirani, mwenye dawati apige simu moja zaidi: Bukavu, Gitega, Voi, Maskati. Wapo Waswahili kila mahali humo watakaomjibu kwa lugha yake mwenyewe.

Mwandishi wenu wa Kigoma akitaka kuhakikisha jina la kijiji chochote, kuanzia Nguruka hadi Kigoma kwa njia ya reli, au kutoka Kagunga hadi Lagosa kwa njia ya ziwa, aje Ujiji aulize kwa stesheni masta wa zamani. Baada ya sala ya alasiri niko nyumbani. Akija na daftari nitamtajia pia majina ya wenyeviti wa vijiji ninaowafahamu, na mjukuu wangu atamwandikia namba zao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Stesheni masta mstaafu,
Ujiji, Kigoma.